Hakuna Aliyempima Mama

Naandika haya kwa ajili yako uliyeketi kwenye benchi la wagonjwa wa saratani, na mtu wako pembeni amepakata kikapu chenye chupa ya uji. Nimekaa kwenye benchi hilo. Najua jinsi mnavyogeuka wote kumtazama anayeitwa, mkipima anavyotembea, mkijilinganisha naye kimoyomoyo. Mimi nimetoka. Nywele zimeota tena, laini kuliko za zamani, na nimerudi kwenye cherehani yangu Chang'ombe, hapa Dodoma. Ningeandika mapema, lakini kila nilipoanza nilifika kwa mama yangu nikaishia hapo. Leo nitajaribu kupita.

Ilianza kwa uvimbe shingoni. Niliudhani mtoki, nikaukanda kwa maji ya chumvi, nikaendelea kushona sare za shule. Uvimbe ukazaa mwenzake. Nikaanza kuloana jasho usiku mpaka mume wangu, Baba Upendo, akawa anahamia upande wa ukutani. Nikakonda. Wateja walinisifia kwanza, maana mjini mwanamke akipungua watu hudhani amejitahidi. Baadaye wakaacha kunisifia.

Sitakueleza vipimo. Utavipitia mwenyewe, na wanaojua watakueleza vizuri kuliko mimi. Nakumbuka tu daktari alivyogeuza kiti tukatazamana, akasema ni saratani ya tezi, na kwamba yangu ni ya aina inayotibika. Dozi nane za dripu, kila baada ya wiki tatu. Kisha akaweka sharti. Kabla ya kila dozi wangenipima damu na uzito. Mwili ukiwa hauna nguvu, hawatoi dawa.

"Tukisimama sisi, ugonjwa hausimami," alisema. "Kwa hiyo kazi yako wewe ni kula."

Nilicheka. Nilidhani kula ni kazi nyepesi.

Mama aliingia nyumbani kwetu Nzuguni siku chache kabla ya dozi ya kwanza, wakati wa ile baridi ya Juni inayokausha midomo. Alitoka kijijini, upande wa Chamwino, na unga wa uwele, karanga, mlenda mkavu, na jogoo kamfunga miguu. Hakulia aliponiona. Alinishika shingo, akapapasa ule uvimbe kwa vidole viwili, akauliza jiko liko wapi. Kwetu tunazungumza Kigogo, kwa hiyo maneno yake yote humu ni mimi niliyeyageuza.

Baba alishafariki, nami ndiye mtoto pekee aliyebaki hai. Mama alikuwa na sukari, ya miaka mingi. Vidonge vyake alivifunga kwenye pindo la khanga, na kila asubuhi alimeza bila kukumbushwa, kwa sababu kwenye zahanati ya kijiji waliwahi kumgombeza aliporuka siku. Tangu pale hakuruka tena. Kwa hiyo nyumbani mwetu hakuna aliyemwita mgonjwa. Mgonjwa alikuwa mmoja, na ndiye mimi.

Siku ya kwanza ya kliniki tulipelekwa kwa dada wa lishe, binti mpole aliyetuketisha pamoja na wengine na kutufundisha. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Uji utiwe karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta ya alizeti. Yai liive kabisa. Maji yachemshwe. Tunda limenywe. Mama alisikiliza kwa makini kuliko anavyomsikiliza mchungaji, kisha akanyoosha mkono.

"Na mlenda?"

"Mlenda mzuri sana, bibi. Wenye vidonda vya mdomo unawateremka bila shida."

Basi. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima wa Nzuguni uliambiwa kwamba hospitali kubwa imeidhinisha mlenda.

Dozi ya kwanza ilinipitia kama homa. Ya pili ilinivunja. Nywele zilibaki kwenye mto, kisha kwenye kitambaa, kisha Mama akachukua wembe akanimalizia, akiimba pambio kwa sauti ya chini. Mdomo ulijaa vidonda. Harufu ya kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu ilinitapisha. Magauni yangu niliyapunguza viunoni, wiki mbili baadaye nikayapunguza tena. Fundi anaujua mwili wa mtu kwa macho tu, na wangu niliuona ukipungua inchi baada ya inchi, nikakifunika kioo kwa khanga.

Mama hakukata tamaa. Alitwanga karanga, akachekecha, akakoroga uji, akauleta kwenye kikombe kidogo cha mwanangu Upendo ili usinitishe. Nikitapika, alifuta, akasubiri, akaleta kingine. Alikaa mbele yangu akifumbua mdomo wake kila nilipofumbua wangu, kama anavyofanya mtu anayelisha mtoto mchanga. Nilimkaripia. Nilimwambia aniache nife kwa amani. "Utakufa baadaye," alinijibu. "Sasa hivi kunywa."

Jioni Baba Upendo na Upendo walikula sinia moja sebuleni, nami na bakuli langu mkekani. Mama alibaki jikoni.

"Bibi, njoo tule," Upendo aliita kila siku, maana ndivyo tulivyomfundisha.

"Kuleni, mjukuu wangu. Nimeshaonja huku, nimeshiba."

Sikushtuka. Nimekua nikimsikia akisema hivyo. Wanawake wa rika lake hawakulelewa kukaa wakashiba mbele ya watu. Wao hupakua, hugawa, halafu hula jikoni kilichobaki, na hakuna anayekwenda kuchungulia kilichobaki ni kiasi gani.

Dozi ya tatu wakaninyima. Nilipanda kwenye mizani, nesi akaitazama, akaniomba nishuke nipande tena. Damu nayo ilikuwa chini. "Rudi wiki ijayo, dada. Jitahidi kula." Nilitoka pale naona aibu, kama mtoto aliyefeli mtihani mbele ya mzazi. Kwenye benchi mama mmoja wa Kondoa aliyekuwa akisubiri zamu yake alinifungulia kiganja akanipa ubuyu. "Umung'unye tu," alisema. "Unarudisha mate." Ulirudisha kweli. Sikumwona tena, nami sikuwahi kumuuliza jina.

Nilirudi na Mama kwa bajaji. Alitazama upepo unavyopeperusha vumbi barabarani, mkono wake ukiwa juu ya goti langu, mpaka tukafika.

Wiki ile ndiyo tuliyogombana. Baba Upendo alirudi kazini na mfuko wa makopo ya virutubisho, ya unga na ya vidonge, aliyouziwa na mwenzake ofisini. Yana picha za matunda ambayo hayaoti Dodoma. Mwenzake alimwambia yanaongeza damu, yanasafisha mwili, yanarudisha uzito, na kwamba kuna mtu aliacha dripu kabisa akayatumia hayo akapona. Mume wangu si mjinga. Alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa humwamini anayezungumza kwa uhakika.

"Hayo yametwangwa na nani?" Mama aliuliza.

"Mama, haya ni ya kitaalamu."

"Mimi nimemuuliza tu mkwe wangu, aliyetwanga ni nani, na kaweka nini."

Sauti zikapanda. Mkwe na mama mkwe kwetu hawarushiani maneno, wanaheshimiana mpaka kukaa ni kwa mbali, na siku ile walisimama mlango mmoja wakibishana juu ya kopo. Upendo akaanza kulia. Mimi ndiye niliyesema tuyapeleke kwa daktari. Tukayapeleka. Daktari akayasoma maandishi yote madogo kwa subira, akasema mengine huenda hayana dhara, mengine yanaweza kugombana na dawa, na kwa kuwa hajui kipi ni kipi, tuyaweke kando hadi dozi ziishe. Kidonge cha kuongeza damu angeniandikia yeye mwenyewe kikihitajika. Baba Upendo aliyabeba makopo yake kurudi nyumbani. Usoni alionekana mtu aliyenyang'anywa njia pekee aliyokuwa nayo ya kunisaidia, nami nilimhurumia sana.

Kisha, taratibu, nikaanza kula. Walinibadilishia dawa ya kuzuia kutapika, vidonda vikakauka, na asubuhi moja nilisikia harufu ya uji wa uwele nikataka kuunywa. Mama aliponiona nimeshika kikombe mwenyewe aligeuka akatoka nje. Dozi ya tatu nikapewa, na ya nne. Mizani ikaanza kupanda kidogo kidogo. Agosti na upepo wake ikapita, Septemba ikapita, uvimbe shingoni ukayeyuka mpaka nikawa nautafuta kwa vidole siuoni. Nilifurahi. Nataka ujue kwamba zilikuwapo wiki ambazo nyumba yetu ilikuwa na furaha ya kweli, na Mama alikuwa akicheka na Upendo uani, na mimi nikiwasikiliza nikiwa na yai mkononi.

Oktoba joto likaingia. Mama akaanza kukaa kwenye kigoda katikati ya kazi. Mara nyingine alitoka jasho la ghafla, mikono ikamtetemeka, akachelewa kujibu ukimwita. "Joto hili la mjini," alisema. "Kijijini kuna upepo." Alikuwa anajifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na sweta juu, kwenye joto lile. Nilimwambia siku moja, "Mama, kwa nini usivue?" Akasema wazee damu yao ni baridi. Nami nilikuwa nina miadi ya kuwaza, ya dozi ya sita, kisha ya saba.

Siku moja kabla ya dozi ya saba alikuwa jikoni akitwanga karanga. Watu huniuliza maneno yake ya mwisho, wakitegemea baraka. Alisema, "Aliyetuuzia hizi karanga katuchanganyia mchanga, nitamfuata." Nikasikia mchi ukitwanga, kisha nikasikia kimya. Nilipoingia alikuwa ameanguka kando ya kinu, amelowa jasho, macho wazi, hanioni.

Jirani yetu Mama Naomi, aliyesali na Mama kanisa moja, alikuja mbio akatusaidia kumbeba. Hospitali, chumba cha dharura, nesi alimtoboa kidole haraka haraka, akamwita daktari kwamba sukari imeshuka mno, wakamtundikia dripu ya sukari.

"Amekula nini leo?" daktari aliuliza.

"Uji," nilijibu. Sikuwa nimemwona akiunywa. Nilijua tu kuwa uji ulikuwapo.

Mama Naomi alinishika mkono. Akatazama sakafu. "Hajala, mdogo wangu. Amefunga."

Sikuelewa. Akarudia. Tangu siku ile waliponinyima dozi, Mama alifunga. Alianza kwa Jumatano na Ijumaa. Aliponiona nimeanza kula akasema Mungu amesikia, akaongeza. Ikafika wiki nzima kabla ya kila dozi, bila kitu mdomoni mpaka jua lizame, na hata likizama alikula kidogo, maana tumbo lilishazoea. Mchana, akiisha kuosha vyombo vyangu, alikwenda kwa Mama Naomi wakapiga magoti pamoja. Alimwapisha asiniambie. "Mgonjwa akijua atagoma kula," alimwambia.

"Dawa za sukari je?" daktari aliuliza. "Alikuwa anaendelea kumeza?"

Nikafungua pindo la khanga yake. Vilikuwa vimepungua sawasawa na inavyotakiwa. Alimeza kila asubuhi, tumbo tupu, siku nzima hakuna kilichofuata. Daktari alifumba macho kidogo, akayafumbua.

Mama Naomi alipiga yowe. "Sikujua ana sukari! Mungu wangu, ningemkataza mimi mwenyewe. Kanisani mgonjwa haruhusiwi kufunga, hata mchungaji husema." Nilimwamini na bado namwamini. Katika hilo Mama hakumdanganya. Yeye mwenyewe hakujihesabu kuwa mgonjwa.

Sukari ilipanda, lakini Mama hakurudi. Alilala wodini akipumua, na sisi tukimsemesha.

Kesho yake ilikuwa siku yangu. Nilitaka niache. Baba Upendo, ambaye usiku kucha alikuwa amekaa upande wa Mama akimpangusa uso, yeye aliyekuwa hamkaribii kwa heshima, aliniambia kwa sauti iliyokauka, "Ukiacha leo, alifunga kwa ajili ya nini?" Nilimchukia kwa sentensi hiyo. Nikaenda.

Nesi alinipandisha kwenye mizani. Akatabasamu. "Umeongezeka vizuri! Endelea hivyohivyo. Kwani unakula nini siku hizi?" Nikashika ukuta nikalia hadi akaita mwenzake. Nikachomwa sindano, nikaketi kwenye kiti kile na dawa yangu ikidondoka, na wodi ya pili yake kuna mama yangu na dripu yake ikidondoka. Alifariki asubuhi iliyofuata, kabla hatujafika kumwona.

Tulimpeleka kijijini. Mimi niliambiwa nisikae kwenye watu wengi, kinga yangu ilikuwa chini baada ya dozi, nikawekwa kwenye chumba cha Mama peke yangu na dirisha wazi. Shangazi, dada yake Baba, na wanawake wengine walikuwa chumba cha pili wakimwandaa. Nilikuwa nimemletea gauni nililomshonea Pasaka iliyopita, kabla ya uvimbe, la kitenge cha bluu, nililolipima mwilini mwake mwenyewe akicheka kwamba namtekenya.

Shangazi alisimama mlangoni. "Fundi," aliniita, kwa jina la kazi, labda ili nisivunjike. "Njoo na sindano. Gauni linamzidi."

Nilivaa barakoa nikaingia. Wakanifunulia. Hapo ndipo nilipomwona mama yangu bila vitenge viwili na bila sweta, kwa mara ya kwanza tangu Juni. Mabega yalitokeza kwenye kitambaa. Nilikunja upande wa kulia, nikakunja wa kushoto, na bado kilibaki cha kukunja. Miezi yote ile nilipimwa mimi kila nilipokwenda, Baba Upendo akiandika kwenye simu yake, Upendo akiniuliza, majirani wakiniuliza. Mama alisimama kando ya mizani ile kila mara, akinishikia viatu vyangu. Hakuna aliyempima. Nilimshonea ubavuni kwa mshono mdogo kabisa ninaoujua, na nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote duniani. Nilimpenda na nilitaka kumtikisa aamke nimgombeze.

Hasira hiyo haijaisha. Nakuambia ukweli kwa sababu nawe huenda ukaipata, na watu watakuambia usikasirikie marehemu.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi, kula. Dada wa lishe yuko sahihi: kidogo kidogo, mara nyingi, karanga, yai, mlenda, tunda, na kopo lolote lenye ahadi lianze kupita kwa daktari wako. Lakini ukishapewa bakuli lako, mwite aliyekupikia. Mwambie aje na sahani yake, aketi mbele yako, utazame mkono wake ukienda mdomoni. Akisema ameshaonja, mwambie alete alichoonjea. Kama ana sukari, kama ana presha, kama ni mzee, siku ya kliniki naye apande mizani, na kama anafunga, daktari ajue. Ataona unamvunjia heshima. Mvunjie.

Baada ya maziko wanawake walipakua chakula. Ugali wa uwele, maharage, na nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya watu. Desturi ni kwamba mfiwa hali. Anabembelezwa, anakataa, anabembelezwa tena, anachovya tonge moja, watu wanaridhika kwamba ameumia. Shangazi alikuja na sahani, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kunibembeleza kabla hata sijasema kitu. Dozi ya nane ilikuwa mbele yangu, na mizani ile, na nesi yule.

Nilinawa. Mdomo wangu ulikuwa na vidonda vipya na kila tonge liliunguza. Wanawake waliokaa kwenye mikeka waligeuka kunitazama. Nikasikia mmoja akisema kwa sauti ya chini, "Mtoto gani anakula hivi, mama yake hata hajapoa kaburini?" Machozi yalikuwa yananitiririkia mpaka kwenye mchuzi, nami nikatafuna, nikameza, nikatafuna, hadi sahani ikaisha. Kisha nikamrudishia Shangazi, nikamwomba aniongeze.